Namna Mume Wangu Alivyokuwa Akifa

Mume wangu alikuwa akifa kila Jumamosi jioni, katika ukumbi wa jumuiya jirani na Mnazi Mmoja, na Jumapili asubuhi aliamka akidai chapati. Niliishi naye miaka mingi katika hali hiyo wala sikuona ajabu. Wanawake wenzangu pale uani walikuwa na waume wanaolewa, au wanaokwenda Magomeni kumwona mgonjwa na kurudi wananukia manukato. Wangu alikuwa anakufa tu.

Siku za kazi alikuwa karani wa ghala bandarini. Huko hakuna aliyemjua zaidi ya kwamba ni mtu wa Lindi, ana mwandiko mzuri na hapendi kuharakishwa. Kariakoo ndiko alikokuwa mtu. Akipita sokoni, wachukuzi walisimamisha mikokoteni yao barabarani, magari yakipiga honi nyuma, ili wamwamkie. "Shikamoo, Mfalme!" Naye aliitikia marahaba kwa sauti ya jukwaani, hata kama mkononi alikuwa na fungu la mchicha.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nashonea barazani kwetu, mtaa wa pili kutoka sokoni, na nguo zote za kikundi chao cha michezo ya kuigiza nilizishona mimi, kuanzia joho la mfalme, ambalo asili yake lilikuwa pazia, mpaka kofia za walinzi. Kikundi kilikuwa na michezo mingi. Mingine ilikuwa ya kuchekesha, mingine ya kuhimiza watu walime pamba, ingawa pale Kariakoo hakuna aliyekuwa na mahali pa kuotesha hata bamia. Lakini mchezo uliojaza ukumbi hadi watu wakakaa madirishani ulikuwa tanzia moja ya kale. Ilitoka Ulaya, karne gani sijui, na mwalimu mmoja wa misheni aliitafsiri kabla ya Uhuru. Kitabu chenyewe kililiwa na mchwa. Mchezo ukabaki vichwani mwa wachezaji, na kila mwaka ukarefuka kidogo.

Kisa chake hakina mzunguko. Nchi ina njaa, na mfalme ana ghala limejaa. Amefunga lango na kutoa amri kwamba atakayepitisha chakula langoni auawe. Binti yake mwenyewe anatoka na kapu la mtama kuwapelekea watu, na walinzi wanatii amri. Mfalme analetewa kapu. Basi, anakufa.

Hafi kwa upanga wala kwa sumu, anakufa kwa majuto. Na majuto, kwa jinsi mume wangu alivyoyaelewa, hayana haraka. Kwanza alishika kifua. Halafu alikizunguka kiti chake cha enzi akikiaga, mkono wa kwanza, mkono wa pili, egemeo. Aliliaga lango. Aliliaga ghala. Miguu ikaanza kumwangusha, na hapo alikuwa na namna ya kuburuta mguu wa kushoto ambayo watoto waliiiga mitaani wakitoka madrasa. Mwishoni alipiga magoti, puu, mbao za jukwaa zikalia, na ukumbi mzima ukasimama ukipiga kelele: "Rudia!"

Naye alirudia. Ndiyo ilikuwa ada yetu. Mfalme aliinuka, akajipangusa magoti, akarudi kwenye kiti na kuanza upya kushika kifua. Watu wakisharidhika walinyamaza, na kile kimya chao ndicho kilichompa ruhusa ya kuendelea na yaliyobaki, yaani kutambaa, maneno ya mwisho na kukata roho. Mwisho wa mwezi, watu wakiwa na furaha ya mshahara, alipiga magoti na kuinuka hadi mimi niliyekaa pembeni na sindano yangu nikaanza kufikiria mboga ya kesho. Mwigizaji aliyekataa kurudia alihesabiwa kuwa ana maringo, na dawa ya maringo ilikuwa ukumbi mtupu wiki inayofuata.

Sasa, mwaka ule ambao sukari ilipatikana kwa foleni na unga ulikuwa wa njano, mume wangu alianza kupumua kwa mdomo akipanda ngazi. Nilimburuta hospitali kubwa. Daktari akampima na kumwambia moyo wake umepanuka. Mume wangu alilipokea hilo kama sifa. Daktari ikabidi aeleze vizuri. Asibebe vitu vizito, asikimbie, na asijiangushe chini kwa namna yoyote.

Nikamwambia daktari kwamba kazi yake ya jioni ni kufa. Daktari alinitazama, akamtazama yeye, akasema apunguze.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Mume wangu hakuwa mtu wa kuogopa kifo, alishakizoea. Kilichomnyima usingizi ni kwamba siku atakapokufa kweli, kile kifo chake cha jukwaani kitapotea. Hatukujaliwa mtoto, na vijana wa kikundi walikuwa wanakufa kwa pupa, wanashika kifua na kuanguka hapohapo kama mtu aliyeteleza bafuni. Alijaribu kumfundisha mmoja kuburuta mguu. Yule kijana alionekana ana funza. Mume wangu alilala kifudifudi jioni nzima na hakutaka chai.

Ndipo akaja kijana wa sinema.

Alikuwa amerudi karibuni kutoka masomoni, katika mojawapo ya zile nchi rafiki zenye theluji, na huko alizoea kuvaa skafu shingoni. Alikuja nayo barazani kwetu mchana wa mwezi wa pili, jasho likimtiririka, lakini skafu haivuliwi. Aliniamkia vizuri, akakaa kwenye mkeka, akasema ofisi yao ya sinema imeamua kuifanya ile tanzia iwe filamu, filamu ya Kiswahili ya watu wote, itakayopelekwa hadi mikoani kwa gari.

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Na hiyo filamu, haiozi?"

"Ikitunzwa haiozi, mzee."

"Maana yake nikishakufa humo nimekufa moja kwa moja? Hata wajukuu za watu wataniona?"

"Hata wajukuu zao, mzee."

Hakuuliza kingine. Mimi niliuliza malipo yakoje, nikaambiwa ni kujenga taifa.

Kabla ya kupiga picha hata moja ilibidi kamati ya ofisi hiyo iusome mchezo. Kamati ilikutana ofisini kwao na sisi tukaitwa, mimi kama msimamizi wa mavazi. Mwenyekiti wake alikuwa mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni. Alisema kamati imeupenda mchezo, ila ina wasiwasi na mfalme. Mfalme ni kabaila, na kwenye karatasi alizoandika kijana wa sinema kabaila huyu anaonewa huruma kurasa tatu nzima. Pia, ghala lililojaa wakati watu wana njaa ni jambo linaloweza kuwapa watu mawazo. Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba mwishoni wananchi wafungue ghala na kugawana chakula kwa utaratibu, kwa foleni.

"Na mfalme, Ndugu Mwenyekiti?" akauliza kijana wa sinema.

"Mfalme lazima afe. Ukabaila lazima ufe, tena ufe waziwazi, wananchi waone."

Mume wangu alisimama na kusema kwamba katika hilo yeye na Mwenyekiti ni kitu kimoja. Hakuwahi kuipenda siasa kama siku ile.

Ugomvi ulianza siku ya mazoezi. Kijana wa sinema alimweleza kwamba kamera si ukumbi. Kamera itakuwa karibu naye, sentimita chache kutoka puani. Hana haja ya kuzunguka kiti wala kuburuta mguu. Akifumba macho taratibu, basi, amekufa, na watazamaji watalia.

"Na miguu yangu?" mume wangu akauliza.

"Miguu haitaonekana, mzee."

Alirudi nyumbani amekunja uso. Chakula hakukigusa. "Anataka kunifisha uso peke yake," aliniambia. "Miguu ibaki hai." Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa kujaribu, alisimama mbele ya kioo cha kabati langu na kufa kwa macho. Alifumba taratibu, akafumbua, akauliza nimeonaje. Nikamwambia anaonekana kama mtu aliyeingiwa na mchanga. Ni afadhali nilisema, maana asingesema mwingine.

Kesho yake nilifunga cherehani nikaenda ofisini kwa yule kijana. Damu ilikuwa imenichemka tangu asubuhi. Nilimwambia kwamba huyo mzee anayemkata miguu, daktari amemkataza kujiangusha jukwaani, kwamba anachokitaka duniani ni kitu kimoja tu, kufa kwake kote, kuanzia kifua hadi maneno ya mwisho, kuwekwe mahali ambapo hakutapotea. Kama ofisi yao haiwezi hilo, watafute mfalme mwingine, na joho langu nalichukua. Nilisema na mengine kuhusu skafu ambayo hayakuhitajika.

Kijana alinisikiliza hadi mwisho. Alinieleza, bila hasira, kwamba filamu yenyewe ile ya kutia kwenye kamera inatoka nje kwa fedha za kigeni, na mikebe aliyonayo inahesabika. Kisha akachezea ncha ya skafu. Akasema sawa. Atautoa mkebe mmoja mzima kwa ajili ya kifo hicho. Kamera ataiweka mbali, mtu aonekane wote, kichwa hadi vidole, na mzee afe anavyojua yeye, mwanzo hadi mwisho, bila kukatwa.

"Lakini ni mara moja tu, mama. Hakuna kurudia."

Nikamwambia hakuna kurudia, hata daktari kasema hivyohivyo. Tukapeana mkono. Tulikuwa tumepanga kila kitu, watu wawili wenye akili zao timamu.

Picha zilipigwa kwenye uwanja wa ghala moja kuukuu upande wa Gerezani, lenye lango kubwa la mbao. Kijana alitaka raia wa ile nchi ya mfalme wawe watu halisi, si waigizaji. Mume wangu akamwambia aachiwe yeye. Asubuhi akaja na watu wake wa kila Jumamosi, wachukuzi, wauza nazi, kina mama wa vitumbua, mafundi baiskeli, kila mmoja kavaa nguo ya Idi. Niliwavua wote na kuwavisha magunia. Hawakufurahi.

Tulianza na ule mwisho wa kamati, kwa sababu kumbe filamu haichezwi kwa mfululizo wake. Raia walipangwa foleni mbele ya lango na vikapu. Hadi kamera inawekwa sawa, foleni ilikuwa imetoka nje ya uwanja na kukunja kona. Wapita njia walikuwa wanaona watu wamepanga mstari mbele ya ghala, nao wanapanga nyuma yao. Bibi mmoja aliyebeba kapu lake mwenyewe aliniuliza wanatoa nini leo.

"Filamu," nikamwambia.

"Kila mtu anapewa ngapi?"

Nikasema sijui. Akabaki. Kijana wa sinema alifurahi sana na ile foleni, alisema huko alikosomea ingemgharimu.

Alasiri ikafika zamu ya kifo. Raia walielezwa kwa kituo. Mfalme atakufa, nyinyi mtalia, mtu asizungumze. Wote wakaitikia ndiyo. Mpiga picha akaambiwa asisimamishe kamera kwa lolote litakalotokea hadi mkebe uishe. Mimi nilisimama nyuma ya kamera na pini mdomoni. Mume wangu akatoka langoni na lile pazia mabegani, akapokea kapu tupu la mtama, akaliangalia.

Nilikuwa nimekiona kifo kile miaka yote hiyo, na bado nilisimama kwa ncha za vidole nisikose kitu. Alishika kifua. Alikiaga kiti, mkono, mkono, egemeo. Juani pale hapakuwa na taa za kumsaidia wala mbao za kulia, lakini alipouburuta ule mguu wa kushoto vumbi liliinuka nyuma yake, kitu ambacho ukumbini hakikuwahi kutokea, na nikamwona kijana wa sinema anashika skafu kwa mikono miwili. Akaliaga lango. Akaliaga ghala. Akapiga magoti.

"Rudia!"

Ilitoka nyuma kabisa, kwa mchukuzi mmoja ambaye hakuwahi kukosa Jumamosi hata moja. Sidhani kama alikusudia. Lakini ikishatoka haishikiki. Raia wote wa ile nchi yenye njaa, waliopaswa kulia, walirusha mikono juu: "Rudia! Rudia, Mfalme!"

Mume wangu alikuwa magotini. Kamera ilikuwa inanguruma. Mimi kule nyuma nilikuwa natikisa kichwa kwa nguvu hadi kilemba kikanifunguka, macho yangu yakiwa kwenye magoti yake, nikiyaombea yakae pale chini. Hayakukaa. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akarudi kwenye kiti.

Kijana wa sinema aligeuka kumtazama mpiga picha. Mpiga picha aliambiwa asisimamishe kwa lolote, na alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Mara ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Puu, magoti. "Rudia!" Akainuka tena. Mara ya tatu nilisikia anavyopumua kutoka pale nilipokuwa. Akapiga magoti, wakapiga kelele, akashika mkono wa kiti ajivute, na alipokuwa katikati ya kusimama kamera ikaanza kutoa ule mlio wa mkia wa filamu unaopigapiga. Mkebe umekwisha.

Kijana alikaa chini, kwenye vumbi, na skafu yake.

Wakati huo raia walikuwa wametosheka. Wakanyamaza. Na mume wangu, kwa kuwa ukumbi umenyamaza, akaendelea kama ilivyo ada. Akatambaa hadi langoni, akasema maneno ya mwisho, akalaza kichwa juu ya kapu, akakata roho. Sijawahi kumwona akifa vizuri vile. Wachukuzi walilia kweli, magunia yakalowa. Mbele yao kamera ilikuwa imesimama tupu, na mpiga picha alikuwa anafunga mkebe kwa utepe.

Hakuinuka. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa yuleyule mchukuzi aliyeanzisha, akikimbia na kulia njia nzima, watu wakimpisha bila kuuliza. Walimlaza wiki kadhaa. Alipona, kwa maana ya kwamba alirudi nyumbani, lakini kuanzia siku ile alikuwa mtu wa kitini.

Kwa upande wa serikali, ilikuwa sasa na filamu ya kabaila asiyekufa. Mwenyekiti alioneshwa. Aliuliza kwa upole kwa nini ukabaila unasimama tena, na kwa nini wananchi ndio wanaouomba.

Kijana alikuwa amebakiwa na kipande kifupi cha filamu. Akapanga kwamba mfalme atapiga magoti mara moja, ile ya kwanza, kisha yeye kijana atakatiza hapo na kuonesha maiti imefunikwa shuka jeupe, raia wakilia pembeni. Mtu mzima ataelewa. Kitambaa kilikuwa adimu siku zile, lakini mwenye duka wetu, mtu wa Kilimanjaro, alikuwa na marekani chini ya kaunta, akatupatia kwa mlango wa nyuma. Kilichokosekana ni maiti. Mume wangu hakuruhusiwa hata kuinama. Na kikundi kizima hakuna aliyekubali kulala chini ya marekani. Kufa si kitu, walisema, hata kila wiki mtu atakufa. Lakini kufunikwa ni uchuro.

Nikasema nitafunikwa mimi.

Walinishangaa. Mimi pia ningeogopa kama nisingekuwa na hofu kubwa zaidi. Niliwaza, kama ni uchuro na lazima umpate mtu, usimpate yeye, umpate mwenye nguvu za kuubeba. Na kingine, sikutaka kazi ya maisha yake ikose mwisho kwa sababu ya shuka. Nikalala chini pale Gerezani. Walinipachika tofali miguuni nirefuke kidogo, kwa sababu mfalme alikuwa mrefu. Marekani mpya inanuka wanga, na ndani yake kuna joto la kupikia. Niliwasikia wanalia juu yangu. Mume wangu aliletwa na kiti chake aangalie, na nikajua yuko pale kwa namna anavyopumua. Hapo machozi yakanitoka na mimi, nikayazuia kwa kubana pumzi, maana maiti haitakiwi kutikisa shuka.

Waliponifunua alikuwa ananitazama kwa ukali.

"Kidole cha mguu kilicheza," akasema.

Filamu ilioneshwa jioni moja Mnazi Mmoja, kwa gari lenye turubai jeupe. Kariakoo yote ilikuja, tukapewa viti vya mbele. Mfalme alishika kifua, akaaga alivyoaga, akapiga magoti. Raia wakafungua midomo. Ofisi ya sinema ilikuwa imebandika juu yake sauti ya kilio, lakini ukiitazama midomo utaona wanachosema. Watazamaji waliokaa chini walikiona, wakasimama nao: "Rudia! Rudia!" Turubai halikurudia. Likatokea shuka, na chini ya shuka mimi, na kidole changu. Halafu foleni. Wakajitambua kwenye foleni, wakapiga makofi wakioneshana, na kelele za rudia zikafia hapo.

Nilimgeukia. Alikuwa ameweka kofia magotini na kuishika kwa mikono miwili.

"Nimekufa kama kuku wa mgeni," akasema.

Hakusema zaidi ya hayo, si njiani wala nyumbani, na mtu aliyekuwa akinung'unikia hata chumvi kunyamaza vile kulinitisha. Filamu ilikwenda mikoani. Tuliambiwa ilipendwa sana, hasa foleni. Yeye alikaa barazani karibu na cherehani yangu, akinishikia uzi. Wachukuzi wapya waliokuja mjini hawakumjua, walipita na mikokoteni yao wakimwambia mzee kunja miguu.

Alikufa siku ya kazi, asubuhi, akiwa amekaa kitandani anavaa kiatu. Mimi nilikuwa nje napepea mkaa. Nilimuuliza kupitia dirishani kama anataka uji au chai, na alipokaa kimya nikadhani bado hajaamua. Nilipoingia kiatu kimoja kilikuwa mguuni na kingine mkononi. Hakushika kifua. Hakuburuta mguu wala kusema neno la mwisho, na kama alilisema alilisema mtu akiwa hayupo. Wanawake wa uani walinikuta nimesimama nimekasirika. Walidhani ni mshtuko. Haukuwa mshtuko, nilimkasirikia yeye. Mtu aliyeliaga lango la maboksi na ghala la kuchorwa robo saa nzima, Jumamosi baada ya Jumamosi, mimi hakuniaga.

Hasira hiyo nilikaa nayo muda mrefu, sikumwambia mtu. Watu walikuja na pole zao na kunikumbusha alivyokuwa akifa vizuri, nami niliitikia tumeshapoa, huku moyoni nikisema nyinyi mliagwa.

Baadaye sana alikuja barazani yule kijana wa sinema, ambaye hakuwa kijana tena wala hakuwa na skafu. Alisema ofisi inahama, na vile vipande vya filamu visivyotumika vitatupwa. Kuna mkebe mmoja wa mzee. Akauliza kama ningependa kuuona kabla haujakwenda. Nilimwambia nina nguo za harusi za kumaliza. Kisha nikafunga cherehani nikamfuata.

Kilikuwa chumba kidogo chenye mapazia mazito. Aliwasha mashine, akaniomba radhi kwamba sauti imepotea. Ukutani akatoka mume wangu na pazia lile mabegani, anatembea juani bila kusikika. Akashika kifua. Akakiaga kiti, lango, ghala. Vumbi likainuka. Akapiga magoti, na watu wakarusha mikono juu kimyakimya.

Hapo akainua uso. Siku ile mimi nilikuwa nayatazama magoti, sikuuona uso. Hakuwa anawatazama watu wake wala kamera. Alikuwa ananitazama mimi, pale nyuma, ninavyotikisa kichwa. Alinitazama kwa utulivu, muda wa kutosha, kama mtu anayeomba ruhusa huku akijua ameshanyimwa, halafu akatabasamu kidogo upande mmoja, akainuka. Mara ya pili vilevile, kabla ya kuinuka alinitafuta kwanza. Mara ya tatu ilimchukua muda kunipata, kwa sababu ya jasho. Alinipata. Akaweka mkono kwenye kiti, akaanza kusimama, na ukuta ukawa mweupe.

Mashine iliendelea kuzunguka peke yake. Yule bwana akanisogelea gizani.

"Nirudie, mama?"

"Hapana," nikamwambia. "Amechoka."